Wavu wa Omena

Pete ya upande wa barabara imeinama kushoto
tangu siku Ogada aliponing'inia juu yake kama popo
kuwaonyesha wasichana wa chuo kwamba anaruka.
Aliruka, kweli. Pete ndiyo haikurudi.

Ya upande wa mtaro haipo kabisa.
Jumatatu asubuhi tulikuta ubao una matundu manne,
na mwenye mizani ya vyuma chakavu kule Kibuye
akatuuliza, bila kuinua macho:
Kwani ilikuwa na jina?

Basi tunachezea goli moja, Migosi nzima,
watatu kwa watatu, wengine ukingoni wakigombania zamu.
Ubao ni plaiwudi iliyonyeshewa misimu mitatu,
umefura kama andazi.
Mpira ukigonga katikati unakufa,
unaanguka puu, ugali umepinduliwa kwenye sinia.
Mgeni hufundishwa mapema:
lenga doa la kutu, vidole viwili kulia,
usiulize kwa nini.

Hayo tumeyazoea. Wavu ndio ulitushinda.
Bila wavu, bao ni madai.
Mpira unapita. Umepita ndani? Umepita nje?
Kila mtu ana macho yake, na macho yana timu.
Nyagudi na Baraza walisimama nusu saa
wakibishania hewa,
mpaka giza likaingia
na mechi ikaisha ishirini kwa kumi na tisa,
au ishirini kwa ishirini,
inategemea unalala nyumba gani.

Nikaandika barua ofisi ya wadi. Ikapigwa muhuri.
Nikaambiwa, ngoja bajeti.
Bajeti ikaja, ikapita
kama mpira kwenye pete tupu:
wapo wanaoapa waliiona ikiingia.

Nikashuka Dunga kwa Mama Apondi, mshona nyavu.
Hakuwa na nafasi, alikuwa na oda ya watu.
Akanitupia kipande cha zamani, cha omena,
chenye matundu madogo hata kidole hakipenyi.
Ogada akapanda mabegani mwa Baraza
(adhabu yake, tuliafikiana)
akakifunga kwa waya, kikakaa kama soksi.

Bao la kwanza lilikuwa la Awiti, wa kidato cha pili.
Likaingia safi.
Halikutoka.
Mpira ukakaa mle ndani, unabembea,
mbuta aliyekosea njia.
Tukaurushia kiatu. Kiatu nacho kikanasa.
Tukacheka hadi muuza miwa akaacha toroli lake
akaja kuuliza nani amekufa.

Lakini hakuna aliyebisha.
Bao lilikuwa pale juu, hadharani,
hata mtoto wa chekechea angelihesabu kwa kidole,
na Baraza, Baraza huyu huyu,
akasema: Hilo nimeliona.

Kesho yake nikarudi Dunga.
Mama Apondi alinisikiliza, akaweka sindano chini, akacheka,
akafuta machozi kwa ncha ya leso.
Kila wavu una samaki wake, akasema. Wewe unavua nini?
Nikamwonyesha kwa mikono: ukubwa huu.
Akapima jicho la wavu kwa ngumi yake,
akashona, akafika chini, akasita.
Huku nifunge?
Usifunge, Mama. Acha wazi.
Akaugeuza mkononi kama kitu cha kuokotwa.
Miaka thelathini nashona nyavu za kushika, akasema.
Wa kuachia, huu ndio wa kwanza.

Umo pale sasa, wa kijani, kwenye pete ileile iliyopinda.
Mpira ukipita unasema shwaa,
na mabishano yamehamia kwenye faulo.
Ogada haruhusiwi kuruka karibu na goli.

Ila sindano ya pampu ilivunjikia ndani ya mpira jana,
na mpira unadunda kama mtu aliyekosa chakula cha mchana.
Mwenye sindano, hata ya kuazima,
nipo hapa chini ya nguzo mpaka saa kumi na mbili.
Nitairudisha.
Jina langu waulize hao wanaosubiri zamu.